Barua Niliyoipitisha kwa Mtendaji

Jumamosi, mwezi wa saba. Jua kali, hakuna upepo, na vumbi la barabara ya Bunda limetua mpaka kwenye maji ya kunywa. Vidole vyangu vimechomwachomwa na maganda ya pamba lakini kalamu bado inashikika. Moyo leo ni mwepesi. Nimekaa nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna mtu wa kunisemesha, nataka niyaandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Kwanza hili, nisije nikalizunguka: barua ile ni mimi niliyeipeleka kwa Mtendaji.

Si mtu mwingine. Mimi.

Mimi ni mtu wa aibu. Wageni wakija nyumbani nawaamkia, shikamoo, shikamoo, halafu natokea mlango wa nyuma. Shuleni Musoma, mwalimu akiuliza swali ninalolijua, naandika jibu kwenye daftari na kunyamaza. Kwenye karatasi ndiko ninakokuwaga jasiri. Ndiyo maana akina mama walipotaka mwandishi, Mama hakuniuliza hata. Alisema tu, "Huyu wangu yuko kidato cha pili, anaandikaga mpaka Kiingereza," nami nikainamisha kichwa.

Kijijini kwetu kuna ghala la zamani la pamba. Tangu mwaka jana ndani yake mna gurudumu. Ni ringi ya baiskeli iliyofungwa kwenye ubao, imezungushiwa namba za rangi, na msumari mmoja wa kuonyesha nani kapata na nani kakosa. Mwenye gurudumu ni bwana mmoja mgeni ambaye hana leseni hata ya kuuza karanga. Ukiuliza, unajibiwa kwamba siku hizi ni ruksa, biashara huria, tuache wivu. Anayejibu hivyo si yule bwana. Ni Mtendaji wa Kata. Na anayekaa mlangoni ni mgambo wa Mtendaji, yuleyule anayemfukuza Mama na dagaa wake gulioni siku akikosa kulipa ushuru.

Msimu huu ushirika haukuwa na fedha mkononi. Wakulima walipima pamba wakapewa stakabadhi, wakaambiwa wasubiri. Bwana wa gurudumu akasema yeye hamsubirishi mtu, hizo karatasi anazipokea. Baba akaingia na karatasi ya pamba yetu yote, pamba tuliyoichuma sisi kwa mikono yetu, akatoka mikono mitupu. Husema mwenyewe kwamba ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni ilimfundisha uvumilivu. Sijui uvumilivu huo aliuacha wapi siku ile.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda kuwaita wenzake.

Wenzake ni kikundi cha kuchumiana pamba. Wako kumi na mmoja. Leo wanachuma kwa huyu, kesho kwa yule, hakuna kulipana, na hakuna shamba lililowahi kuachwa pamba yake ikaoza. Karibu kila mmoja alikuwa na mume au kaka aliyemezwa na gurudumu. Wakakubaliana kumwandikia Mkuu wa Wilaya kule Bunda. Wengine walitaka tumshitaki yule mgeni tu, yaishe. Mama Nyanjura, mjane anayekaa ng'ambo ya korongo, akakataa. "Huyo mgeni ni inzi," alisema. "Tuandike jina la aliyeacha kidonda wazi."

Niliandika vizuri, najua. Nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Majina kumi na moja, na dole gumba la kila mama pembeni ya jina lake. Halafu nikafuata tulivyofundishwa darasani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: barua ya kwenda kwa mkubwa hupitia kwa aliye chini yake kicheo. Chini ya anwani ya Mkuu wa Wilaya nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, Kupitia kwa Mtendaji wa Kata. Nikapiga mstari kwa rula.

Mama alijua naipeleka posta. Mimi nikaipeleka ofisi ya kata, nikamkabidhi karani, nikarudi nimejaa sifa. Sikuona nilichokifanya. Nilikuwa naangalia mstari wa rula.

Siku tatu baadaye mgambo akapita nyumba zile kumi na moja, hakukosea hata moja. Kila mama alipewa wiki moja afike ofisini kukana dole lake, la sivyo asionekane tena gulioni. Mama akamuuliza, "Nani kakupa majina yetu?" Mgambo akacheka. "Ah, Mama Tabitha, dole lako nani asiyelijua? Limenenepa kwa kusonga ugali."

Hapo ndipo nilipoelewa. Na hapo ndipo niliponyamaza.

Akina mama hawakunifikiria mimi. Walimfikiria Mama Nyanjura, kwa sababu yule mgambo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. "Mambo ya nyumba ile," walisema, wakafunga mjadala. Hawakumtukana. Walifanya kibaya zaidi. Zamu ya shamba lake ilipofika hakuna aliyekwenda. Pamba ikapasuka yote, ikawa inaning'inia, na yeye yuko peke yake kwenye mistari na mtoto mgongoni. Mama akikutana naye kisimani alikuwa anaangalia ndoo. Wawili katika kikundi wakaanza kusema bora waende wakakane, maana wakishauzwa na mwenzao wamebaki na nini?

Na mimi nilikuwa nakula. Usiku nilikuwa nalala. Nayaandika hayo kwa kuwa ni kweli. Aibu yangu ilikuwa na kisingizio kizuri mno: mimi siongei, kila mtu anajua siongei.

Jumatano Mama alinituma kuomba moto upande ule wa korongo. Mama Nyanjura akaniona kutoka shambani, akaniita. Nikadhani ananiita kunisema. Kumbe alitaka kuuliza shule tunafungua lini. "Usije ukaacha kusoma kwa ajili ya ujinga wa baba zenu," akasema, akanimegea kiazi chake cha mchana.

Nikashindwa kukimeza.

"Ni mimi," nikasema. Niliongea na kiazi, sikuongea na uso wake. "Barua niliipeleka mimi kwa Mtendaji. Tunafundishwaga hivyo."

Alikaa juu ya gunia la pamba. "Mnafundishwa kumpa fisi barua ya mbuzi aipeleke?"

Nikalia. Hakunibembeleza, aliniacha mpaka machozi yakaisha. Halafu akauliza jambo ambalo mimi msomi sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

"Huyo karani alikurudishia kitu?"

"Nakala. Aliigonga mhuri. Imeandikwa imepokelewa, na tarehe."

"Iko wapi?"

"Kwenye kitabu changu cha jiografia."

Akasimama, akakaza mbeleko ya mtoto. "Basi Ijumaa njoo nayo kwenye mkutano. Mkuu wa Wilaya anakuja kutusema kuhusu pamba chafu. Atatusema, halafu na sisi tutasema."

Nikamuuliza kama atawaambia wenzake kuwa ni mimi. Akaniangalia kama mtu anayepima kilo. "Hilo ni lako, binti. Mimi sitoi neno kwenye mdomo wa mtu."

Jana ndiyo ilikuwa Ijumaa. Uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Mkuu wa Wilaya alisema sana kuhusu wakulima wanaotia maji na mchanga kwenye pamba ili izidi uzito, kwamba huo ni wizi. Mtendaji alikaa pembeni yake, shati jeupe, akitikisa kichwa kwa kila neno. Ukaja muda wa maswali. Akasimama Mama Nyanjura.

"Mheshimiwa, umesema mchanga kwenye pamba ni wizi. Tumekubali. Sasa lile gurudumu la kamari ndani ya ghala la pamba, linalolindwa na mgambo wa serikali, ni mchanga au ni maji?"

Watu wakacheka. Mkuu wa Wilaya hakucheka, akamgeukia Mtendaji. Mtendaji akasimama taratibu. "Mheshimiwa, ndiyo kwanza nasikia. Ofisi yangu haijawahi kupokea lalamiko lolote."

"Tabitha!" akaita Mama Nyanjura. "Njoo usome."

Jina langu lilipita juu ya vichwa vyote vile. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikaanza kusoma, sauti ikawa inanitoka kama ya mgonjwa. Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Huyo anasoma au anasali?" Nikapaza. Nikasoma ringi, nikasoma stakabadhi, nikasoma jina la Mtendaji na cheo chake, nikasoma majina kumi na moja mpaka kwenye mhuri. Mkuu wa Wilaya akaichukua karatasi. Akaangalia pale juu penye anwani, akatabasamu.

"Yaani mmemshitaki mtu kwa kupitia kwake mwenyewe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hadi dereva wake kule kwenye gari. Mama hakucheka. Alinitazama, nikaona anavyoelewa, pole pole, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi. Nilitamani nisiwepo.

Mama Nyanjura hakugeuka hata kuniangalia. "Ndiyo, Mheshimiwa," akasema. "Kwetu mtu akikukosea unamwendea yeye kwanza. Tulimpa nafasi."

Kicheko kikaisha.

Sijui niliandikeje hili. Alikuwa ametengwa kwa kosa langu, shamba lake linaharibika kwa kosa langu, na mbele ya watu wote akalichukua kosa hilohilo akalivisha heshima. Nilisoma kidato kizima jinsi ya kuandika barua, sikufundishwa kitu kama hicho.

Mkuu wa Wilaya akamgeukia Mtendaji. "Haya. Kwako ilifika, mhuri huu hapa. Kutoka kwako ilikwenda wapi?"

Mtendaji akafungua faili, akalifunga. Akasema alikuwa mbioni kuipitisha.

"Mbioni kwenda kwangu?" Huyo alikuwa Mama. Mama yangu! "Maana mgambo wako alifika mlangoni kwangu, akaniambia nikakane dole langu!"

"Na kwangu!" akasimama mwingine. "Na kwangu!" Wakasimama wote, hata wale wawili waliotaka kukana, kila mmoja anataja jina lake mwenyewe kwa sauti kama anapiga kura.

Ghala limetiwa kufuli jana hiyohiyo. Mtendaji ameamriwa afike Bunda Jumatatu na maelezo ya maandishi: nani aliruhusu mchezo usio na leseni, kwa nini mgambo aliulinda, na kwa nini alikalia barua ya wananchi. Bwana wa gurudumu hatukumkuta, alitoroka vumbi la gari lilipoonekana barabarani. Karatasi ya Baba haijapatikana na sijui kama itapatikana. Kufukuzwa kwa Mtendaji nako sijui. Wapo wanaosema atahamishiwa tu kata nyingine akafungue gurudumu lingine. Lakini aliulizwa. Mbele yetu, aliulizwa, na alikosa jibu.

Jana Mama hakunisemesha. Leo alfajiri akaniamsha, akanipa kikapu.

Tulikuta kikundi chote kimeshafika kwenye shamba la Mama Nyanjura. Hakuna aliyeomba msamaha. Waliingia tu kwenye mistari, wakaanza kuchuma haraka kuliko nilivyowahi kuwaona. Nikaona wanaweza wakachuma mpaka gunia la mwisho bila mtu kusema lolote, na mimi nikapona hivyohivyo. Kwa hiyo nikasimama katikati ya pamba.

"Aliyepeleka barua kwa Mtendaji ni mimi. Mama Nyanjura alijua tangu Jumatano, hakunitaja."

Kisha mama mmoja mnene, ambaye siku zote hunitania, akasema, "Kumbe anaongeaga! Nilidhani mama yake anamtafunia maneno." Wakacheka, nami nikacheka, machozi yananitoka.

Mama akaenda na kikapu chake kilichojaa, akakimimina kwenye gunia la Mama Nyanjura. Alisema kwa sauti ya chini lakini nilikuwa karibu. "Dada, kule kisimani nilikufanyia vibaya."

"Niliona," akajibu Mama Nyanjura. "Chuma, jua linapanda."

Nashukuru. Nashukuru kwa kile kiazi, na kwa kuachwa nilie mpaka mwisho. Nashukuru kwamba nilibakiziwa sehemu yangu ya kusema, maana angeweza kunisemea na ningebaki mdogo vilevile.

Jumatatu Mtendaji atatakiwa kuandika maelezo yake kule Bunda. Ya kwangu ndiyo haya.