Kitanda cha Kombi na Mguu wa Baba Yako

Nyumbani kwa baba yako,
Muleba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
11 Aprili 1976

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Privatus,

Wewe ni fundi mjinga. Naliandika hilo kabla ya salamu, kwa sababu salamu zikitangulia utasoma huku unatabasamu, na mimi sitaki utabasamu. Kitanda cha lile gari lako ulikitengeneza kwa mikono miwili na akili nusu. Leo baba yako anatembea mguu mmoja ukienda mbele na mwingine ukiangalia pembeni.

Haya, sasa nakusalimu. Hujambo? Benadetha hajambo? Mtoto Klaudia ameota meno au bado anacheka na ufizi kama mimi? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha mvua kabla mawingu hayajaja. Mama yako Joviana mwili wake mzima. Baba yako anakula, anasali, anagombana na redio. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la watu wazima sikulikalia bure, kwa hiyo usitafute mtu mwingine wa kumlaumu kwa maneno haya.

Najua Kamugisha, mtoto wa shangazi yako, alikuandikia kwamba baba yako alianguka akapona. Kamugisha ana moyo laini, hapendi kumpa mtu habari mbaya akiwa mbali. Kuanguka ni kweli. Kupona ndiko ninakokataa.

Ilikuwa siku ya kazi ya kijiji, wanaezeka ghala la kahawa. Baba yako na umri wake ule akapanda juu ya paa, eti vijana wanapinda misumari. Akawaonyesha namna ya kupiga msumari, akateleza. Paja likavunjika. Mganga wa zahanati akamfunga na mbao akasema, huyu apelekwe Bukoba akapigwe picha ya mfupa, lakini aende amelala. Akiketi, mfupa utahama. Alisema hivyo mara mbili, na kila mtu akasikia, na baba yako akasikia.

Ujumbe ulinikuta kwangu Nyanga. Nikamwambia Kamugisha, washa Kombi, twende. Njia nzima nilikuwa nakusifu wewe. Nilisema, mwaka ule mjukuu wangu aliponunua gari kuukuu la yule Mzungu mpima ardhi aliyekuwa analala porini, watu walicheka, eti gari gani lina kitanda na kabati la vikombe. Ona sasa! Mungu alikuwa anajua. Nilikusifu mpaka Kamugisha akachoka kuitikia. Sifa zile ningeweza kuzirudisha mdomoni ningezirudisha.

Tulifika Muleba Jumapili kabla ya mchana. Haraka ilikuwepo, kwa sababu unajua Jumapili saa nane magari yanaanza kuzuiwa barabarani, mafuta yasiishe nchini. Kamugisha akafungua mlango, akavuta kile kiti cha nyuma kama ulivyomfundisha, mgongo wa kiti ukashuka, kikawa kitanda. Wanaume wanne wakamleta baba yako kwenye machela. Wakafika mlangoni mwa gari. Akageuza shingo, akatazama.

Akasema, "Kitanda cha nani hiki?"

Kamugisha akasema, "Cha gari, mjomba."

"Gari halilali. Nimeuliza, nani alilala hapa?"

Jibu tulikuwa nalo wote. Siku mlipofika kutoka Mtwara, Benadetha alikaa sebuleni kwangu akatusimulia mlivyolala ndani ya Kombi kuanzia Masasi mpaka Biharamulo, kitanda kizuri, kama chumba chenu. Tulicheka. Baba yako alicheka pia. Nilidhani imeishia kwenye kicheko, kumbe mwenzetu aliiweka.

Sasa wewe niambie. Mwanaume wa Kihaya, mwenye akili zake, atapanda kwenye kitanda ambacho mwanawe alilala na mke wake? Hata kuchungulia chumba chenu hawezi. Hilo hukufundishwa shuleni, ulifundishwa na mimi, jikoni kwangu, ukiwa unakula viazi.

Nikapanda mimi. Nikajinyoosha pale pale, kichwa huku, miguu kule, nikamwambia, "Tazama, mama yako amelala. Nimekufa?"

Akasema, "Mama, wewe ni bibi yake, ni mke mwenzake Benadetha. Wewe hata ukikoroma humo hakuna neno."

Wale wabebaji walicheka nusura wamwangushe. Mimi sikucheka. Nikashuka, nikasema tuondoe godoro, tutandike nyasi. Akasema, nyasi ni sawa, na mbao zilizokuwa chini ya mwanangu na mkewe je? Mama yako akaanza kulia. Nilimwambia mwanangu maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtu aliyevunjika. Nilimwambia desturi haina mfupa, mfupa unao wewe. Akafunga macho. Kisha akamwambia Kamugisha, "Kikunje."

Kamugisha akanitazama. Nikatazama kando. Akakikunja.

Baba yako akasema, "Haya. Sasa ni kiti. Kwenye kiti cha mwanangu nitakaa."

Akakaa, Privatus. Mtu aliyeambiwa asiketi akaketi kutoka Muleba mpaka Bukoba, na barabara unaijua, na mvua ilikuwa imeshapita juu yake. Mama yako alipakata ule mguu kama mtoto mchanga. Kila shimo gari lilipoingia nilisikia pumzi ya baba yako ikikatika. Hakulia. Alikuwa ameuma mkono wa koti lake, lile la kahawia ulilomletea wewe, na tulipofika kitambaa kilikuwa kimetoboka. Hospitali walimpokea vizuri, wakapiga picha, wakafanya waliyoweza. Lakini mfupa ulikuwa umeshahama njiani, ukaunga pale ulipohamia.

Sasa nikuambie kinachonikaa kooni. Nakuona bado, umelala chali chini ya kile kiti uani kwangu Nyanga, umetoa mbao zilizooza kwa maji ya dirishani, umeweka za mvule. Bawaba ya kushoto iliyokatika Biharamulo uliitupa, ukatafuta nyingine kwenye mlango wa lori bovu, ukaisugua kutu, ukaipaka grisi. Ukaniita, "Mke wangu, njoo uvute." Nikavuta kwa kidole kimoja, kikaja chenyewe. Nilijivuna nikapita kwa majirani kuwaambia. Siku ile naitamani mpaka leo.

Lakini godoro lilikuwa lile lile. Kitambaa kile kile cha mistari, blanketi lile jekundu. Na lile pazia la dirishani ni kanga ya mkeo, kila mtu aliijua. Ulitengeneza chuma ukaacha kitanda chenu kama kilivyokuwa, ukawaachia wazazi gari, ukapanda meli. Ungebadilisha godoro tu, ukamwita baba yako, ukamwambia mbele ya watu, baba, hiki sasa ni cha wazee na wagonjwa, sisi hatulali tena humo. Neno fupi hilo. Angelilala. Namjua, nilimzaa, angelalamika kidogo halafu angelala, na leo angekuwa anakwenda mwenyewe kwenye kibanja chake cha migomba badala ya kukaa mlangoni kuhesabu ndizi za mgomba ulio karibu.

Benadetha usimgombeze. Kwao ni mbali, na mgeni husimulia safari yake, ndiyo furaha yake. Mwambie bibi hana kinyongo naye. Wewe ndiye uliyezaliwa hapa.

Ninakuandikia haya yote si kwa kukuliza tu. Tumeambiwa Bukoba kwamba mwezi wa saba anakuja daktari wa mifupa. Ameshapelekewa ile picha, akaiona. Anasema anaweza kuuvunja tena ule mfupa na kuunyoosha, lakini iwe mwaka huu, ukizidi kukomaa hataugusa. Atafungwa plasta mpaka kiunoni. Mtu wa plasta mpaka kiunoni haketi, hata akitaka ubishi. Atarudi nyumbani amelala, au hatakwenda kabisa.

Baba yako anataka kwenda. Hasemi, lakini ameanza kunyoa ndevu.

Juzi nikamuuliza, tukichoma godoro lile? Akasema, mbao. Tukibadilisha mbao? Akasema, chuma. Na chuma nacho tukitoa? Akaongeza sauti ya redio. Nikamwambia, "Wewe una jambo lingine. Liseme, mimi siyo balozi wa nyumba kumi, ni mama yako."

Akasema, "Mwanangu alipokuwa anakitengeneza nilikuwa nimekaa pale uani siku zote. Alimwita kila mtu avute. Alikuita wewe, alimwita Kamugisha, alimwita mpaka muuza samaki. Mimi hakuniita. Alikitengeneza cha kwake na mkewe. Basi anitengenezee changu."

Nilichukua jembe nikaenda kupalilia mahali palipokwisha kupaliliwa.

Najua hukumwita kwa heshima. Nawe uliona aibu, ni kitanda chako na mkeo, utamwitaje baba yako? Ninyi wawili mnaheshimiana mpaka mnaumizana. Lakini mguu uliopinda ni wake, kwa hiyo wa kusogea ni wewe.

Jana mchana alipopitiwa na usingizi nikampima kwa kamba ya mgomba, kutoka kisigino cha mguu mzima mpaka utosini. Akafumbua jicho moja, "Mama, unanipimia kaburi?" Nikamwambia, "Kaburi watakupimia wengine, mimi napima kitanda. Lala." Akalala. Na alikuwa anatabasamu, nakuambia, alidhani sioni.

Kamba hiyo nimeikunja humu ndani ya bahasha. Fundo la kwanza ni kisigino, la pili ni kichwa. Kitanda cha Mzungu ni kifupi kwake, kwa hiyo kile kikabati cha vikombe king'oe, miguu ipate nafasi. Mbao mpya za mvule Kamugisha ameshapasua, zinakaukia juu ya moshi jikoni kwangu Nyanga, atazileta huku Muleba ukifika. Godoro la zamani nimelichoma, limenuka mtaa mzima. Blanketi nimelifua, nitamrudishia Benadetha, kanga yake pia. Sponji huku hakuna, kwenye duka la ushirika wananiambia njoo kesho tangu Krismasi. Tafuta Dar es Salaam unapopita. Leta na turubai gumu la kufunika, lisiwe na maua. Bawaba lete mpya zote mbili, zinazofanana. Usiniletee tena za lori.

Ukimaliza usijilaze kujaribu, hata mgongo usiutegeshe. Wala Kamugisha asijaribu. Mkija na Benadetha mtalala chumbani kwangu, mimi nina mkeka wangu. Wa kwanza kulala humo awe baba yako, na wa kwanza kuitwa avute awe yeye.

Shangazi yako Clotilda wa Kashozi anakusalimu, na kahawa ya kutafuna amekufungia. Mama yako anakusalimu, anasema usimpe mtoto maji ya mto. Kamugisha anakusalimu, anaomba usimkasirikie kwa barua yake ya uongo, na mimi naomba umkasirikie kidogo. Baba yako hajui kwamba nakuandikia. Amesema tu hivi hivi, bila kuulizwa, kwamba meli ya Mwanza siku hizi inafika asubuhi.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akupe baba wa kuzeeka naye, na mikono yako aiongezee ile nusu ya akili iliyobaki.

Ni mimi mkeo wa kwanza, ninayekupenda hata nikikutukana,

Bibi Theopista

Kamba usiikate wala usiifungie mzigo. Omba likizo kabla ya mwezi wa saba. Ukishuka melini usipite kwa mtu kunywa chai. Njoo nayo mkononi mpaka kwa baba yako, mpe ashike fundo la kichwa, wewe shika la kisigino, mpime mbao pamoja.