Moshi Mweusi wa Gari ya Papa Mudogo

Walikale, siku ya Mungu

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia wewe na Papa, nikiamini kifua chako kimepona na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Sisi huku tuko wazima. Joto la msitu bado linanisumbua, lakini mihogo na samaki wa huku vimeninenepesha, utacheka ukiniona.

Juma hili tulikuwa karibu kupoteza gari. Unaijua: ile kamioneti kuukuu ambayo Mzungu aliiwekea kitanda na jiko, kisha Papa mudogo Hangi akainunua ili tutembeze chumvi, sabuni na vitenge sokoni. Ndiyo duka letu, ndiyo nyumba yetu. Lakini tangu tushuke kutoka kwetu Nyamitaba ilikuwa ikinywa esanse, petroli ya pesa nyingi, kama mtu mwenye homa anavyokunywa maji, na nyuma ikitoa moshi mweusi. Papa Safari, jirani yetu mwenye mashini ya kusaga mihogo, akaitaka injini yake, akamwambia Papa mudogo:

"Uniuzie motere. Ile bati itakayobaki, mutafugia kuku."

"Na sisi tutalala wapi?" Mama mudogo Faida akauliza.

"Pamoja na kuku. Kwani mutagombana?"

Mimi sikucheka. Papa mudogo alikuwa amekwisha kukubali, na bila gari ningerudi nyumbani. Kazi hii naipenda, Mama.

Kesho yake Papa mudogo alitoa buji, zile zinazowasha moto ndani ya motere, akanipa nizisafishe kabla ya kuiuza. Nilikuwa ninasugua sufuria. Nikaona masizi ya buji na ya sufuria ni yale yale. Nikakumbuka jikoni kwetu: ukifunga mlango kwa sababu ya baridi, kuni zinaisha bure na moshi unajaa, kwa kuwa moto unakosa hewa. Nikajiuliza kama motere nayo imefungiwa mlango.

Niliona haya kusema. Nikamnong'oneza Mama mudogo, naye akapaza sauti: "Papa, kuja! Mutoto iko na neno!" Nikajificha nyuma ya gari.

"Aseme," Papa mudogo akajibu. "Mimi siumi."

Tukafungua njia ya hewa. Kweli, ndani ya kabirateri, pale hewa na esanse zinapochanganyika, kuna kilango kidogo cha bati, na kilikuwa kimefungwa. Kinafungwa ukivuta kile kishikio karibu na usukani, ambacho kwetu milimani kinavutwa asubuhi ili motere iwake kwenye baridi. Huku hakuna baridi, lakini Papa mudogo alikivuta kila asubuhi, halafu, bila kukirudisha mpaka jioni, akatundika kofia yake hapo mchana kutwa.

"Ni vile gari inaamuka," akasema, akijikuna kichwa.

Waya wa kishikio ulikuwa umeshika kutu. Nikautia mafuta, nikauvuta na kuurudisha mpaka kilango kikafunguka. Tukasugua buji, tukajaza magurudumu upepo, tukashusha mizigo isiyo na kazi.

Papa Safari hakuamini. Siku ya soko alipanda nasi, funguo zake za kufungulia motere zimo ndani ya gunia. "Ikizimika njiani, naifungua palepale," akasema. Tulikuwa na bidoni moja ya esanse. Zamani ilitosha kwenda tu, na kurudi tulikuwa tunaombaomba kwa madereva wa malori. Papa mudogo aliendesha polepole, bila kukanyaga kwa nguvu. Kwenye mlima mrefu motere ikakohoa. Papa Safari akashika gunia.

"Musikie! Inakufa!"

"Utakufa wewe kwanza," Mama mudogo akamjibu.

Nikageuka kutazama nyuma. Moshi hakuna.

Tulifika, tukauza, tukarudi, na kijiti tulichopimia ndani ya tangi kikatoka bado kimelowa. Papa mudogo akapiga honi mpaka watu wakatoka nyumbani. Papa Safari alishuka mlangoni kwake na gunia lake. Kisha akanigeukia mimi.

"Mutoto, mashini yangu nayo inatoa moshi. Kesho utakuja kuiangalia?"

Watu walikuwa wengi, Mama, lakini nilijibu mwenyewe, kwa sauti: "Nitakuja, Papa. Funguo usiziweke mbali."

Nisalimie Papa, kaka Bahati na ng'ombe wake, dada Neema aliye shuleni, na koko wetu mzee pale motoni anapoota. Mkiisikia karatasi hii inanuka esanse, ni mikono yangu.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Riziki