Shingo ya Imakulata

Kambi ya Shamba la Ngano,
Balangdalalu, Hanang.
6 Julai, 1986.

Mpendwa dada Fransiska,

Shikamoo dada. Nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma. Barua yako niliipata mahindi yakiwa mabichi, na sasa tunapukuchua. Si kiburi. Nikishika kalamu mtoto analia, akinyamaza nasinzia mimi.

Hamjambo huko Moshi? Kifua cha shemeji Basili kimepona? Sisi wazima kiasi. Joakimu yuko kwenye kombaini tangu mavuno yaanze, anarudi vumbi tupu, watoto wanamtambua kwa sauti. Xavery wetu, ambaye hujamwona, ana miezi saba. Ana homa na anaharisha, na huyo ndiye aliyenifanya niandike leo.

Lakini nianze na Imakulata. Unakumbuka shingo yake ilivyolalia kulia, na bega moja kushuka. Shuleni wanamwita Kuku, eti anasikiliza mwewe. Mama mkwe siku zote alisema ni mimi, nilimfunga vibaya mgongoni wakati nikienda kibarua cha kung'oa magugu kwenye ngano. Nami niliamini, dada. Nimemwogesha mtoto huyu miaka yote nikilitazama lile bega na kujilaumu.

Wiki iliyopita daktari wa meno alipita hospitali ya misheni, nikampeleka kwa ajili ya jino lililokuwa linamuuma. Daktari akamwambia aume meno. Mara akaacha jino, akaanza kutazama mabega. "Ugali unatafunia upande gani?" Imakulata akaonyesha kulia. Akachukua kile kijiti bapa cha kukandamizia ulimi, akakivunja, akamwekea kwenye meno ya kushoto. "Uma hapa, halafu tembea mpaka mlangoni."

Dada, kichwa kilinyanyuka! Si chote, lakini kilinyanyuka, na bega likapanda nacho.  Mtoto akageuka na kijiti mdomoni, akaniuliza, "Mama, sasa hawataniita Kuku?" Nikamwambia arudi atembee tena.

Daktari alisema si kila shingo iliyopinda inatoka kwenye meno. Ila huyu wetu meno yake hayakutani, taya limekimbilia upande mmoja, kichwa kinalifuata taya, na bega linafuata kichwa. Kisha akanionyesha makovu kwenye fizi za kushoto, mahali meno yalipokosa kuota vizuri. "Mama, nani alimchimba mtoto huyu meno akiwa mchanga?" Nikasema hakuna mtu. Akaniambia nikaulize nyumbani.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama mkwe. Hakuficha hata kidogo! "Nilimtoa mimi. Yalikuwa meno ya nailoni, yale meupe yanayojificha ndani ya fizi na kuharisha watoto. Wewe ulikuwa kwenye ngano. Angekufa! Sasa si huyo anakimbia?" Alitumia spoki ya baiskeli, akaipitisha kwenye moto kwanza. Alikuwa ananieleza huku anamsuka Imakulata nywele, taratibu kabisa, kwa upendo.

 Miaka yote ananiambia mgongo wangu ndio uliompinda mtoto, na wala hakuwa anadanganya. Hakuwahi kufikiri kwamba meno aliyoyachimba na shingo iliyopinda ni mambo yanayojuana. 

Halafu juzi Xavery akaanza homa. Mama mkwe akamtia kidole mdomoni, akasema, "Haya hapa, yamevimba." Kumbe spoki iko motoni tayari! Nikaitoa kwa tambara, nikamwambia, "Mama, nakuheshimu, na utakula kwangu uzee wako wote. Lakini mdomo wa huyu hutaugusa."

Akanijibu, "Akifa, usije kulia kwangu."

Joakimu naye aliporudi akasema, "Mbona mimi alinitoa na sina kitu?" Nikamwambia asimame wima mlangoni nimtazame mabega. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Tangu hapo Xavery hashuki mgongoni mwangu. Nachota naye maji, napika naye, hata barua hii naiandika nimesimama. Naogopa, dada. Akizidiwa, wote watasema nimemuua kwa ubishi wangu. Zahanati wamesema nimpe maji ya chumvi na sukari kila anapoharisha. Chumvi ninayo. Sukari dukani haipo kabisa, naomba kwa majirani kijiko kijiko, na leo Tekla wa nyumba ya pili amenipa cha mwisho.

Imakulata anatakiwa atengenezewe waya wa meno hospitali kubwa ya huko kwenu, kabla hajakua zaidi. Shingo inaweza kusaidika, daktari hakuahidi yote.

Msalimie shemeji Basili, na Bura, na Kornelia, na mama mdogo Benedikta umpe shikamoo yangu. Mungu awalaze salama na awaamshe mkiwa na nguvu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Efrazia.

Dereva wa lori aliyeleta barua hii anarudi huku Jumatano. Naomba umpe: sukari, hata kilo moja, pakiti za dawa ya kuharisha, ile ya kukoroga na maji, kama huko zipo, khanga moja ya mama mkwe, yenye rangi nzuri, kwa sababu nimemkatalia mbele ya watoto na bado ni mama yetu, na neno lako kama tunaweza kulala kwako Imakulata akija kuwekewa waya, hata chini tutalala. Kama vyote vinakushinda, tuma sukari.