Glavu za Namba ya Kiatu

Ukunda, Kwale
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka Nassir,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu uipokee huko Maskati. U hali gani? Mgongo umepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mama kikohozi kimemshika wiki ya pili sasa.

Barua hii nampa Sharif, aliyeniletea zile glavu za ndondi ulizonitumia. Ningepiga simu, lakini mama hutega sikio na haya sitaki ayasikie.

Kaka, namba ya glavu si ya kiatu! Uliniuliza navaa ngapi, nikakujibu nane, nawe ukanunua nane. Kumbe ile ni wakia, uzito, kama sonara apimavyo dhahabu. Za nane ni nyepesi na sponji yake ni nyembamba. Hata ulingoni sisi wanawake huvaa za kumi, nazo hugawiwa palepale na waandaaji.

Nami kwa ushamba wangu nilizivaa siku hiyohiyo, nikaringa nazo, nikacheza na Kanyiva bila kumwuliza mwalimu Chome. Jicho la Kanyiva lilivimba likafumba.

Tulikuwa wasichana wawili tu pale mazoezini. Sasa ni wiki ya tatu haji. Nilipita kibanda cha mboga cha mamake, Kanyiva akajitia kupanga nyanya asinitazame. Wavulana hawakubali kucheza nami, eti watachekwa wakinipiga na watachekwa wakipigwa. Napiga gunia la makumbi ya nazi peke yangu, na gunia halikuulizi umekula nini leo. Nina upweke, kaka, sikufichi.

Mashindano ya Msambweni ni mwezi ujao. Mwalimu amesema nisipopata wa kucheza naye, jina langu haliandiki.

Basi nitafutie jozi mbili za wakia kumi na sita. Zitanichosha mikono, lakini ndizo za kuchezea na mwenzako. Zivae, uzibonyeze kwa mbele. Ukivihisi vidole vyako ndani, ziache.

Mwenye duka atakusifia za mkanda wa kubandika, kwamba mtu hujifunga mwenyewe. Hizi nyekundu ulizonitumia ndivyo zilivyo, nami nimechoka kujifunga. Chukua za kamba. Nitampelekea Kanyiva zake palepale kibandani, nimwombe radhi, kisha nimwombe anifunge zangu.

Mama na shangazi Mwanapili wanakusalimu sana. Nisalimie Mbarak mnayeishi naye. Mola akutunze, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dadako akupendaye,
Fauzia