Ng'ombe Alimulamba Mutoto wa Mushaki

Dada yangu Kavira, nawasalimia wote huko Butembo. Hapa Mushaki iko baridi sana, na vita imefunga barabara. Hata chumvi ya watu na ya ng'ombe haifiki tena. Leo ng'ombe alitupita watu wote, akaenda kulamba mutoto mumoja mwenye kukohoa. Tukacheka. Dokta wa kituo chetu cha afya hakucheka. Alimubusu yule mutoto kwenye paji la uso, akajilamba midomo, akasema:

"Hana jasho, lakini iko chumvi tupu!"

Akatueleza: kumbe ndani ya ngozi na njia zake za hewa kuna milango midogo ya kupitisha chumvi, nayo haifunguke, chumvi inabakia kwenye ngozi. Njo maana makohozi yanaganda kama gundi, mapafu yanaziba.

Dada, mutoto wako Neema, mwenye kile kikohozi kisichoisha, umubusu kwa ajili yangu kwenye paji la uso. Halafu uniandikie haraka: umesikia chumvi?

Mudogo wako, Masika