Nyumba ya Masista Imepata Wapangaji

Mpendwa Sista Agnesi,

Simu yako haishiki tangu tulipozungumza kabla ya Pasaka, na siku hiyo mtandao ulikatika mara nyingi hata nikashindwa kusema nililotaka kusema. Kwa hiyo naandika. Barua hii huenda ikasomwa na wengine kabla haijakufikia huko kaskazini walikokuhamishia, na sioni ubaya. Nataka tu ujue yaliyotokea kwa nyumba yenu.

Uliondoka Mweiga kama masista wanavyoondoka: baada ya Misa ya asubuhi, na sanduku moja, gari likiwa limeshawashwa. Wenzako walikuwa wametangulia. Ulinikabidhi funguo kwa sababu mimi ndiye msimamizi wa mali ya parokia, ukaniambia gata ya paa, ule mfereji wa maji ya mvua upande wa jikoni, inavuja, niitafutie fundi. Ukapanda gari. Miaka yote ile tuliyofanya kazi pamoja, na tukaagana kwa habari ya gata. Nilicheka pale langoni. Nilipofika kwangu sikuweza kucheka tena.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kuipenda kazi hii. Baraza la parokia liliponichagua, wazee kadhaa walinuna. Kuhesabu sadaka, walisema, mwanamke anaweza, lakini mambo ya mabati na mipaka ya shamba atayajulia wapi? Wewe ulikuwa mwalimu wa chekechea tu, hukuwa hata mwanakamati, lakini ulikuja kusimama nami siku tulipoezeka upya ukumbi. Fundi alishikilia kwamba mabati aliyoleta ndiyo tuliyoagiza. Ulikunja kanzu yako kidogo, ukapanda ngazi mbele ya kina mama wote wa jumuiya, ukabonyeza bati kwa kidole gumba. Likabonyea.

"Fundi, hii ni karatasi," ulimwambia kutoka juu, kwa sauti ile ile ya kuwaambia watoto wanawe mikono.

Aliyarudisha yote siku hiyo hiyo. Wazee hawakuuliza tena nimejulia wapi.

Na mume wangu, Baba Muthoni, alipofariki, watu walijaa kwangu wakiniambia Mungu ana mipango yake. Nilishukuru, lakini nilitamani wanyamaze. Wewe ulikuja baada ya matanga, watu walipokwisha kutawanyika, umevaa viatu vya gambuti na umebeba jembe. Viazi vyangu vilikuwa vinaoza shambani. Tulivichimba kimya mpaka ukungu ukashuka kutoka milima ya Nyandarua, tukawa hatuonani vizuri. Nilikuwa nasikia tu jembe lako likigonga udongo kwenye tuta la pili, nami nikaendelea kuchimba kwa sababu wewe ulikuwa unachimba.

Sasa nikuambie. Ulipoondoka, nilianza kwenda nyumbani kwenu kila Jumamosi. Nilifungua madirisha, nikawasha moto, kwa maana unajua unyevu wa huku unavyokula kuta. Hiyo ni kazi yangu na niliifanya vizuri. Lakini nilikuwa nakaa pale hata moto ulipokwisha kuzimika. Binti yangu Muthoni yuko Nakuru na watoto wake, hupiga simu akiwa na haraka. Kwangu kuna kiti kimoja tu kinachokaliwa.

Baraza likaamua nyumba ikodishwe, kodi isaidie kumlipa mlinzi na kutengeneza vyoo vya kanisa. Uamuzi ulikuwa mzuri. Hata mimi niliinua mkono. Kisha watu wakaanza kuja kuiona, nami nikawa nawarudisha. Daktari wa mifugo nilimwambia ukuta una unyevu. Mama mmoja mwenye duka nilimwambia angoje rangi. Ile gata niliiacha ivuje makusudi, ili nisiwe nadanganya nikisema nyumba haijawa tayari.

Paroko wetu mpya, kijana aliyekuja ukiwa umeshaondoka, alinikuta huko Jumamosi moja nikiwa nimekaa peke yangu kando ya moto. Alibaki mlangoni kidogo.

"Mama Muthoni," akaniuliza, "hii nyumba iko na shida gani haswa?"

Nilitazama makaa. Hakunikaripia. Alipindua ndoo akaikalia, halafu akasema nikupigie simu, nikuulize wewe mwenyewe kama unarudi.

Ndiyo sababu nilikupigia. Nilizunguka sana bila kukuuliza. Nilikueleza habari za ng'ombe wa parokia, habari za ule ua wa miiba ya kaiyaba kati ya kwangu na kwenu, uliofika barabarani, habari za nyumba yenu kukaa tupu. Wewe ukanisikiliza, kisha ukanikatiza.

"Mimi sirudi, Mama Muthoni. Weka watu ndani ya hiyo nyumba. Mimi huku nimepata watu wangu."

Mtandao ukapotea hapo hapo.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba uliniumiza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba unateseka na joto, kwamba maji ni ya shida, kwamba unatukumbuka. Sikujiandaa kusikia sauti yako ikiwa na furaha. Nilikukasirikia wiki nzima, na nikiwa kanisani nilikuwa naona haya, kwa sababu ni mtu gani anayesikitika rafiki yake akiwa mzima? Hasira imeisha sasa. Upweke haujaisha, na sitakudanganya kwamba umeisha.

Nilimwita fundi. Alitengeneza gata, akapaka rangi, na nyumba ikachukuliwa na mwalimu mmoja kijana wa shule ya msingi, pamoja na mumewe anayekusanya maziwa huku vijijini, na mtoto wao ambaye bado ananyonya. Niliwapa funguo pale langoni. Sikuingia nao.

Juzi nilikuwa nasimamia vijana wanaokata ule ua, yule mwalimu akaniita. Jiko lilikuwa limejaza moshi nyumba nzima na mtoto anakohoa. Nikaingia, nikamwonyesha kile kibati cha kuvuta kwenye bomba la jiko, moshi ukapanda. Nilipogeuka ili niondoke, alikuwa amepangusa kiti kwa kanga ya mtoto na kukisogeza karibu na meza.

"Karibu, mama, ukae," alisema. "Jisikie uko nyumbani."

Sista, katika nyumba ile nilikuwa sijawahi kuambiwa karibu. Wewe ulikuwa ukiniambia tu nifunge mlango, baridi inaingia. Nilishika kiti kile kama mgeni, nikakaa, nikanywa chai niliyopewa, na ndipo nilipojua kwamba umeondoka kweli.

Mungu akutunze huko kwenye joto, pamoja na watu wako.

Mimi rafiki yako wa ng'ambo ya ua,
Mama Muthoni