Krismasi Niliyopaswa Kuonana na Baba Mkwe

Siku ya pili ya Krismasi, Kyela mjini. Mvua inapiga bati tangu alfajiri na mimi nimefungua duka, ingawa hakuna mjinga atakayekuja kutoa fotokopi leo. Nimekuja kuandika. Naandika kwenye kompyuta kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kwa sababu kiganja cha kulia kimechubuka na kimefungwa kitambaa.

Jana nilimvunja shemeji yangu mkono kwa mchi.

Haya, nimeshasema. Sasa nieleze ilivyokuwa, maana kichwa kinataka kupasuka.

Kwa asiyetoka huku: kwetu Unyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wake. Si chuki, ni heshima, tunaiita ukutila. Sipiti alipokaa, simpi mkono, silitaji jina lake, na akitokea njiani mimi naingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Siku hizi wengi wamelegeza. Baba mkwe wangu hakulegeza hata kidogo. Tangu niolewe pale Makwale namjua kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo yake, na kwa mgongo wake akielekea kanisani. Nimempikia miaka yote hiyo na uso wake sijawahi kuuona sawasawa.

Mama mkwe alifariki mwaka jana wakati wa kuvuna mpunga. Yeye ndiye aliyempelekea mzee chakula na kumsafisha kidonda cha mguu, kidonda cha sukari kisichopona. Sasa mwanamke wa nyumba nimebaki mimi, na mimi siruhusiwi kuingia alipo. Mume wangu Lusekelo anajitahidi, lakini anafunga kidonda utadhani anafunga gunia la kakao. Nasikia mzee akiguna kule chumbani, nami niko jikoni nauma meno. Kumsaidia ni kumvunjia heshima, na wazee wa ukoo wangeweza kusema nirudishwe kwetu Itungi.

Kwa hiyo mzee alipotuma neno kupitia kwa dada yake, shangazi Sekela, kwamba Krismasi hii atanitoa, nilikaa chini karibu na mafiga nikalia. Katika ukoo wao kutolewa ni hivi: anachinjwa mnyama, wazee wanaitwa, baba mkwe anamega nyama kwenye fungu lake mwenyewe na kumpa mkamwana mbele ya watu. Akiila, basi, wameonana. Anaruhusiwa kumhudumia kama binti yake.

Niliipanga karamu hiyo kwa hasira ya furaha, kama kitu hicho kipo. Mchele wetu niliupepeta mwenyewe, sikutaka wali wenye chuya siku hiyo. Ndizi za mbalaga niliagiza mikungu mizima. Chungu kikubwa kilitoka Ikombe, kikavuka ziwa kwa mtumbwi juu ya mapaja ya mwanamke aliyekifinyanga, na ole wake ambaye angekigonga. Kuku niliwachinja mimi. Lusekelo alisema nisubiri wanaume, nikamwambia wanaume wamesubiriwa vya kutosha katika nyumba hii.

Ng'ombe alimleta Ambokile, mdogo wake Lusekelo. Huyu tangu biashara ya mpakani ifunguliwe yuko huko, anavusha vitenge na sukari ya Malawi, nusu ya mwaka yuko Karonga kwa mke wake. Alikuja na pikapu yake, dume jeusi limefungwa nyuma, honi tangu barabarani. Akamwambia kila aliyemsalimia kwamba safari hii mzee atampa kile kiwanja cha kando ya barabara, ajenge gesti.

Na hapo ndipo tulipokosea. Hakuna aliyemwambia kwamba ng'ombe yule atachinjwa kwa ajili ya kunitoa mimi. Shangazi Sekela alidhani Lusekelo amesema. Lusekelo alimwogopa mdogo wake, akaona heri ajue siku ya Krismasi yenyewe watu wakiwa wengi.

Hata dume halikukubali kufa kirahisi. Mkesha wa Krismasi lilikata kamba, likampiga jirani mmoja kwenye ua, na Ambokile akalifuata na shoka huku anacheka. Alilipiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Damu ikateremka na maji ya mvua mpaka mlangoni pa jiko langu, nikawa naisukuma kwa ufagio. Ningejua, ningemnyang'anya shoka lile wakati uleule.

Jana asubuhi wote walikwenda kanisani. Mzee alibaki kwa sababu ya mguu. Walimweka kwenye kiti chini ya banda la nyuma, karibu na moto wa nyama, na kati yake na mimi wakasimamisha ua wa matete ili nipike bila kuonana naye. Ambokile alibaki kuchoma nyama, kibuyu cha pombe ya kimpumu pembeni yake, na alikuwa amekianza mapema. Shangazi Sekela alikuwa anakwenda huku na huku.

Mimi nilikuwa natwanga vitunguu saumu. Nilikuwa na furaha, naapa. Nilikuwa nawaza jioni nitavaa kitenge gani.

Nikasikia mzee anamwambia shangazi achukue fungu lake la kidari alipeleke jikoni, liwekwe chungu cha peke yake, ni nyama ya mkamwana. Ambokile akauliza nyama gani ya mkamwana. Shangazi, maskini, akamweleza yote kwa furaha, akidhani naye atafurahi.

Kisha nikamsikia shemeji.

"Nimekuletea ng'ombe unipe kiwanja, wewe unamtolea mwanamke?"

"Ng'ombe akishaingia kwangu ni wangu," mzee akajibu. Hakupandisha sauti. "Na pale barabarani amelala mama yako. Hutajenga vitanda vya kukodisha juu yake."

Sauti ya kofi naijua. Nimekua na kaka watano wa bandarini, ngumi na makofi nayatofautisha nikiwa nimefumba macho. Lile lilikuwa kofi, na lililofuata lilikuwa ngumi. Kiti kilianguka. Chini ya matete nikaona miguu: mguu wa mzee wenye bandeji nyeupe, na buti la Ambokile likiukanyaga palepale penye kidonda. Mzee alilia kama mtoto. Shangazi Sekela akatoka mbio kuelekea barabarani akipiga yowe kwenye mvua.

Hapa niseme ukweli, maana nisiposema hapa sitasema popote. Sikwenda mara moja. Nilisimama nyuma ya matete nimeshika mchi, mtu anauawa upande wa pili, na mimi nawaza kwamba nikivuka sasa sitatolewa tena. Jioni hiihii tu, nikawaza, imebaki jioni tu.

Kisha mzee akaanza kukoroma kwa kukabwa, na mimi nikapita katikati ya matete bila kutafuta mlango.

Ambokile alikuwa amemwekea goti kifuani. Mkono wa kushoto uko kooni, wa kulia unapapasa kwenye kuni, na kwenye kuni kulikuwa na lile shoka la mifupa. Sikupiga kelele. Niliuinua mchi nikaushusha kwenye mkono ule. Nilisikia mfupa. Ni mlio mdogo kuliko unavyodhani. Akageuka akanitazama, hakuamini, akaanza kuinuka, nikampiga begani akaangukia kwenye makaa ya moto na nyama zake. Akatambaa. Nikauinua mchi mara ya tatu, na safari hiyo nilikuwa nalenga kichwa.

Nilitaka. Sitaki mtu aje kuniambia nilikuwa najitetea. Nilitaka kukipasua kichwa kile, na nilijisikia vizuri sana.

Kilichonizuia ni mzee kukohoa. Nikautupa mchi.

Nilikaa kwenye matope nikampakata mzee kichwa. Damu ilikuwa imejaa puani na mdomoni, nikaifuta kwa kanga yangu. Hakutikisika. Macho yamefumbwa, yamekazwa. Nikamwita baba, kimya. Nikamwita kwa jina lake, lile jina ambalo hata hapa siliandiki, nikaliita kwa sauti mpaka nikajisikia nimevuliwa nguo.

"Sijafa," akasema. "Nimefumba macho nisikuone, mwanangu. Wewe futa."

Nikafuta. Nikamfungua bandeji iliyolowa, nikamsafisha kidonda kwa maji ya moto ya kupikia, nikamfunga upya, na muda wote huo mzee hakufumbua macho hata mara moja.

Watu waliporudi kutoka kanisani wakiongozwa na shangazi, walitukuta hivyo. Lusekelo alimwinua baba yake akambeba ndani. Ambokile walimpakia kwenye pikapu yake mwenyewe kumpeleka hospitali. Mimi nikarudi jikoni. Wali ulikuwa umeshika chini. Nilikaa nautazama tu.

Wazee walikaa barazani, na sauti zao nilizisikia. Mmoja alisema nimemshika mkwe wangu kabla ya kutolewa, nimelitaja jina lake hadharani, na nimemwaga damu ya ndugu siku ya karamu. Hivyo haiwezekani kunitoa, na nirudishwe Itungi mpaka kwetu walete mnyama wa kutakasa. Wengine wakaitikia. Lusekelo alibisha mpaka sauti ikamkatika. Mwisho wakaenda mlangoni kwa mzee kumwuliza yeye mwenyewe: je, ni kweli umeonana na mkamwana wako?

"Mimi sikumwona mtu," mzee akasema.

Wakamwuliza nani basi aliyemfunga ule mguu.

"Nilikuwa nimefumba macho. Sikumwona mtu. Nyama yangu iko wapi? Nina njaa, na wageni wana njaa."

Wazee wakaagiza nyama iletwe. Nani angempinga? Shangazi Sekela akaja kunichukua jikoni, nimejaa matope na damu, kitenge changu kipya kiko sandukuni. Nikaingia nimejifunika, nikapiga magoti mbele ya kitanda. Wakanifunua.

Ndipo nikauona uso wake. Miaka yote hiyo nilijiuliza ukoje, na nilipouona ulikuwa umevimba wote, mdomo umepasuka, macho yote mawili yameziba kabisa. Alimega nyama akanyoosha mkono, hakunipata, ikanigusa shavuni, akapapasa mpaka akaupata mdomo wangu. Nikaila. Wazee wakashukuru, ndaga, ndaga, kana kwamba hakukuwa na lolote, wakatoka kwenda kula. Na walikula, mimi nawajua. Chungu cha Ikombe kilirudi jikoni kitupu.

Sikuweza kula kingine chochote.

Leo asubuhi nimemfunga kidonda mchana kweupe, mlango uko wazi. Uvimbe umeshuka kidogo. Jicho moja limefunguka kama uzi, akanitazama kwa muda, akasema kumbe mimi ni mfupi. Kisha akaniomba jambo nisilolitaka.

Ni hivi. Hospitali walitaka karatasi ya polisi, kama kawaida kwa mtu aliyeumizwa. Ambokile akawaambia polisi kwamba ameteleza kwenye matope. Angeweza kunitaja. Leo ningekuwa rumande, si hapa nikigusa vitufe. Hakunitaja, na mimi sijui kama ni aibu, au majuto, au anasubiri kupona aje kunimaliza. Mke wake yuko Karonga, mto umejaa, hatafika leo. Mgonjwa asiye na mtu wa kumletea chakula halishwi na mtu. Mzee ameniambia: mpelekee, naye ni mwanangu.

Wali nimepika, na nyama ya dume lake nimeipasha, na hotipoti iko hapa chini ya meza tangu nifungue duka. Hospitali ni mtaa wa pili. Mkono niliomvunja ni wa kulia, hawezi kujilisha. Atafumbua mdomo, nami itabidi niweke tonge kwa kidole hikihiki kinachoandika, na nikimwona tu najua damu itanichemka, nitautamani ule mchi.

Nafunga duka. Naenda kabla chakula hakijapoa.